Mgagani umetuponyoka hapa Tabora mjini: nani ana mbegu, na tuizungusheje isipotee tena?

MamaBustani_Isevya (mwanzisha uzi)

Habari za mchana wakuu. Mlio nje ya mji poleni na vumbi la mwezi wa nane.

Kikundi chetu cha akina mama huku Isevya tulikubaliana kila mtu alete mbegu za bustani alizonazo, tuzione kwa macho kabla mvua haijafika. Ungo ulijaa. Nyanya chungu nyeupe na za kijani zipo, bamia ndefu ipo, kunde za kutambaa zipo za madoa na nyekundu, mlenda, maboga, mumunya, hata njugu mawe zimo na maganda yake. Ilipofika zamu ya mgagani, ile mboga yetu ya majani, kila mtu akamtazama mwenzake. Hakuna hata wa kujaza kizibo cha soda.

Tukaanza kuulizana umepoteaje. Kumbe kila mmoja alijua fulani anao. Huyu anajua upo kwa yule, yule anajua upo kwa bibi wa mtaa wa nyuma. Bibi wa mtaa wa nyuma kachukuliwa na mwanae Dar, na vikopo vyake vikatupwa siku ya kuhamisha vitu.

Ukame upo, wadudu wapo, na maduka ya mbegu yapo. Lakini mimi naona mbegu nyingi za bustani hapa kwetu zinaisha kwa sababu zimebaki nyumba moja. Panya akiingia, au paa likivuja usiku mmoja, au mwenye nyumba akifariki, basi, imekwisha, na majirani watakuja kujua msimu unaofuata.

Pendekezo langu: kila mbegu ikae nyumba tatu au zaidi, mitaa tofauti. Anayechukua kijiko, akivuna anarudisha viwili. Kimoja kwa aliyempa, kingine kwa mtu wa tatu. Hela isiingie kabisa. Tunaandika kwenye daftari jina la mbegu, imetoka kwa nani, imevunwa mwaka gani.

Naomba mawazo. Na mwenye mgagani tafadhali ajitokeze!

Nzega_Ndani

Mayu, mgagani unaulizia kama dhahabu? Huku kwetu unaota wenyewe kwenye zizi la ng'ombe lililohamishwa. Pale penye samadi ya zamani ndiyo kwake. Ng'ombe wakihamishiwa boma jipya, mvua ya pili tu unakuta kijani kitupu. Mke wangu alikung'uta mwezi wa tano, chupa ya nusu lita imejaa. Nikutumie kiasi gani?

Kiloleni_Boy

Nimeweka kambi hapa.

PembejeoTbr

Mimi nina duka la pembejeo, nitasema ukweli hata kama hamtaupenda. Mbegu za kwenye vikopo vya jikoni ndiyo sababu mtu analima robo eka anavuna ndoo mbili. Mbegu ya dukani imepimwa uotaji, ina lebo ya kukwangua ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, ikikataa kuota una pa kulalamika. Ya jirani ikikataa utamlalamikia nani? Mtaishia kununiana kisimani.

Siwakatazi, ila tusidanganyane kwamba kila cha bibi ni bora.

MamaBustani_Isevya

@PembejeoTbr kaka yangu, nyanya nanunua dukani na kabichi nanunua dukani, wala sijasema maduka yafungwe. Nakuuliza jambo moja tu: leo nikija dukani kwako nikitaka mgagani, mlenda na ile kunde ya madoa, utanipa?

PembejeoTbr

Mlenda na mgagani sina. Haviendi, nikiagiza vinakaa mpaka tarehe inapita.

MamaBustani_Isevya

Ndiyo hizo ninazoongelea.

@Nzega_Ndani Mungu akubariki baba. Kijiko kimoja cha chakula kinatutosha kuanzia, mbegu yenyewe ni kama vumbi. Nakufuata pembeni tupange usafiri.

Kijana_wa_Cheyo

Shikamoo mama. Mimi nitatia doa kidogo. Shangazi yangu wa Uyui alinipa mbegu ya mgagani mwezi wa tano, kaikung'uta mwenyewe nikiwa naona. Nikatengeneza tuta, nikaweka samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Haukuota hata mche mmoja! Nikamwaga nyingine, kimya. Nikaona mbegu imekufa. Sasa hizi za kupeana tutajuaje nzima ni ipi?

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba wote mnaonisalimia na msionisalimia.

Kijana wa Cheyo, shangazi yako hana kosa. Mbegu yako haikufa, ilikuwa imelala. Mgagani ndivyo ulivyo. Ukivunwa leo ukapandwa kesho, unaota kidogo sana au hauoti kabisa. Unataka kukaa mkavu miezi mitatu mpaka sita ndipo uamke. Kwa asili yake unapukutika mwisho wa mvua, na ungeota hapo hapo jua la kiangazi lingeua miche yote. Kwa hiyo unasubiri masika. Wewe ulipanda mwezi wa tano, halafu ukaingia mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi ya Tabora mnaijua. Mgagani unapenda ardhi yenye joto. Ulikuwa unamgongea mtu mlango yuko usingizini.

Jambo la pili, mgagani hauotei vizuri kwenye mwanga. Wengi wanautawanya juu ya udongo kama mchicha, halafu wanangoja. Ufukie kidogo, udongo wa unene wa kucha, usizidishe. Ile mbegu uliyobaki nayo usiitupe. Subiri mwezi wa kumi na moja uniletee majibu.

Kabla ya kupanda shamba zima, pima. Hesabu mbegu 100 (najua ni ndogo, tumia sahani nyeupe na ncha ya kisu), zifunge kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, weka ndani ya kikombe, funika, weka mahali penye joto pasipo na mwanga. Kitambaa kisikauke. Baada ya wiki moja hesabu zilizochipua. Zikiwa 70 mnazo mbegu. Zikiwa 20, panda nyingi zaidi na uzihuishe mwaka huo huo, usingoje mwingine.

Na hili ndilo linaniumiza zaidi kwa mboga za majani. Angalieni mnavyochagua mbegu. Mche wa mgagani wenye majani mapana unachumwa kila jioni mpaka unaisha. Ule mwembamba uliowahi kutoa maua unaachwa kwa sababu hauna cha kuchuma, huo ndio unaozaa mbegu. Mwaka unaofuata mnashangaa mbona mgagani siku hizi unawahi kuchanua. Mmeuchagua wenyewe! Msimu ukianza, funga kitambaa kwenye miche kumi au zaidi iliyo mizuri na inayochelewa kuchanua, waambie watoto hiyo haichumwi. Maganda yakigeuka njano chuma kabla hayajapasuka, maana yakipasuka mbegu zimeenda na upepo.

Kijana_wa_Cheyo

Aisee! Mzee nimekuelewa. Nampigia shangazi leo hii, maana nilimsema.

Fatuma_Ng'ambo

Bwana shamba umeshusha nondo. Naomba kuuliza nyanya. Nilinunua mbegu ghali, zile chotara, zikazaa balaa. Nikikamua mbegu kwenye zile nyanya nikapanda tena nitapata zilezile?

BwanaShamba_Mstaafu

Hutapata zilezile, dada. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na uzao wake unatawanyika. Mche huu mrefu, ule mfupi, huu unazaa, ule unaugua. Si sumu, utakula, ila usimpe mwenzio ukamwambia ni ile mbegu. Kama unataka nyanya ya kutunza mbegu yako, tafuta aina za kawaida kama Tengeru 97 au Tanya. Nyanya inajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo haichanganyikani ovyo.

Namna ya kuikamua: chagua tunda lililoiva kabisa kwenye mche usio na ugonjwa, kata, kamua ute na mbegu ndani ya kikombe, maji kidogo au usiweke. Acha siku mbili tatu, ukoroge mara moja kwa siku. Itatoa harufu na utando mweupe juu, usiogope. Ule ute unaozunguka mbegu ndio unaoizuia kuota ndani ya tunda, na kuchacha ndiko kunakouondoa. Kisha mimina maji, mbegu nzima zinazama, pumba zinaelea, unamwaga za juu. Suuza mpaka maji yawe meupe. Anika kwenye sahani au chujio kivulini. Si kwenye gazeti, zitaganda nalo mpaka ukasirike.

Zikizidi siku tatu kwenye kikombe kwa joto letu, zitaanza kuota humo humo.

Fatuma_Ng'ambo

Na bamia, nyanya chungu?

BwanaShamba_Mstaafu

Bamia iache ikauke kwenye mche mpaka ipasuke kwa kidole, na ile ya kwanza kuzaa usiile, iache iwe mbegu. Nyanya chungu iache iive mpaka iwe nyekundu kabisa, ya kijani mbegu yake ni changa. Zote mbili nyuki wanazichanganya kiasi, kwa hiyo aina mbili tofauti zisikae tuta kwa tuta.

Fundi_Mizinga

Mmetaja nyuki, nimeamka.

Mimi niko Sikonge, mizinga yangu ni ya magome na mingine ya kisasa. Asali ya Tabora mnaisifia, lakini hao nyuki ndio wanaowaharibia mbegu za maboga. Boga lina ua dume na ua jike mbalimbali, na nyuki hajui mpaka wa shamba lako. Ukiwa na boga tamu la unga, na jirani ana lile la maji la kulishia nguruwe, boga utakalovuna mwaka huu litakuwa tamu kama kawaida. Mbegu zilizomo ndani ndizo zimeshaolewa na jirani. Mwakani ndio unapika unashangaa.

Boga na tango havichanganyiki. Boga na mumunya havichanganyiki pia, tena mumunya ua lake jeupe linafunguka jioni. Ua la boga linafunguka alfajiri, jua likipanda limesinyaa. Kwa hiyo mwenye nia afanye hivi: jioni pita shambani utafute ua jike litakalofunguka kesho, utalijua kwa kijiboga kidogo chini yake na ncha imeanza kuwa njano. Lifunge ncha kwa uzi. Funga na madume mawili matatu ya mashina mengine ya boga hilo hilo. Alfajiri kabla nyuki hawajaamka, kata dume, lichanie petali zote, lile jiti lenye unga wa njano lipake katikati ya ua jike ulilolifungua taratibu. Rudisha uzi, funga tena. Kisha funga kitambaa chekundu kwenye kikonyo ili boga hilo lisije likaishia sufuriani.

Likomae mpaka kikonyo kiwe kama mti, ulivune, ulikalishe ndani kama mwezi ndio ulipasue. Mbegu zinaendelea kunenepa humo ndani.

Na boga likiwa chungu, tupa na mbegu zake. Uchungu ule ni sumu, unaharisha vibaya, usimwambie mtoto avumilie.

Kiloleni_Boy

Kumbe maboga yana ndoa na yana michepuko 😂

Abuu_Kanyenye

Assalaam aleikum. Uzi ni mzuri. Nina neno kwa mama mwenye uzi, na sijifanyi sheikh. Hapo kwenye "chukua kijiko, rudisha viwili", kwa baadhi yetu panagusa riba. Nafaka kwa nafaka ya aina moja, unakopesha kimoja unadai viwili. Nawajua wengi hapa mjini ambao wakisikia hivyo hawataingia, na hawatasema sababu, watakaa kimya tu. Litazameni.

MamaBustani_Isevya

Waaleikum salaam kaka. Nashukuru umelisema hapa badala ya kukaa nalo.

Nimezungumza na wenzangu hapa, wawili nao walikuwa na wasiwasi huo huo ila walininyamazia. Basi tuondoe kukopa. Mbegu inatolewa iwe zawadi. Aliyetoa hadai kitu. Tunamwomba aliyepokea, akijaliwa kuvuna, agawie nyumba mbili nyingine ambazo hazina. Akikosa mvua, akakosa mavuno, hadaiwi.

Kwa kweli naona hii ni nzuri kuliko ya kwanza. Mbegu ikirudi kwangu inakaa nyumba ileile. Ikisonga mbele inaongeza nyumba, na mimi yangu ikiharibika najua pa kuombea.

Abuu_Kanyenye

Hapo sawa kabisa. Niwekeeni kunde za madoa.

PembejeoTbr

Na asiyegawia? Mnamjua mtu wa hapa, akishapata chake.

MamaBustani_Isevya

Daftari linasomwa kwenye kikao. "Fulani alipokea kunde mwaka jana, kampa nani?" Hilo linatosha, hatuhitaji mgambo.

Mtu_wa_Sheria

Naomba niingie kidogo kwa sababu kuna watu wanatishana sana kuhusu hili jambo.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe imethibitishwa, na TOSCI ndiyo inayosimamia. Kisha kuna sheria ya mwaka 2012 ya hakimiliki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu za mimea. Hiyo inamlinda aliyezalisha aina mpya akaisajili, mtu mwingine asiizalishe na kuifanyia biashara bila ruhusa yake. Kunde ya bibi yako haina mwenye hati, haijasajiliwa na mgunduzi yeyote.

Kwa hiyo mama, msimamo wako wa kutoingiza hela ni wa busara kuliko unavyodhani. Mkianza kufunga kwenye vifuko, kuandika bei na kuuza sokoni kama mbegu, mmehama kutoka ujirani mmeingia biashara ya mbegu, na huko kuna taratibu zake. Pia msichukue aina iliyolindwa mkaigeuza ya kikundi.

Mkifika mahali mnataka kuuza, mlango upo. Kuna mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Mkulima au kikundi kinasajiliwa, shamba linakaguliwa, na mnauza ndani ya wilaya yenu. Anzieni kwa afisa kilimo wa kata.

PembejeoTbr

Sasa hapo ndipo mnaposema vitu vya maana.

Mha_wa_Kasulu

Majirani zetu wa Tabora, mimi niko Kasulu, nimewasoma tangu juzi. Nawaonya kwa jambo moja, msiweke kila kitu chini ya neno mbegu mkakigawa sawasawa.

Huku kwetu tumegawiana mihogo kwa upendo na tumegawiana magonjwa kwa upendo huo huo. Pingili ya muhogo yenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuitazama usione kitu, shina linapendeza. Unapanda, unapalilia mwaka mzima, ukichimba unakuta ndani kumeoza vipande vya kahawia kama kutu. Migomba vilevile. Mnyauko unaingia na machipukizi au na panga lililokata mgomba mgonjwa. Jirani mwema anakupa chipukizi la ndizi, shamba lote linakwisha.

Kinachopandwa kwa kipande cha mwili wa mmea kinabeba karibu kila ugonjwa wa mama yake. Punje kavu inabeba machache, ingawa si kwamba ni salama kabisa. Maharage sisi ndio wenyewe, tunapanda mchanganyiko wa rangi zote, na magonjwa ya batobato na chule yanapita humo humo ndani ya punje. Wakulima makini wanachagua shambani, si sebuleni. Mmea uking'aa wanauwekea kijiti wakati bado una majani. Ukishavuna na kupura, punje ya mgonjwa na ya mzima zinafanana.

Kwa hiyo ushauri wangu: punje kavu zungusheni. Mihogo na migomba muwe wagumu, hata mtu akiwaita wachoyo.

BwanaShamba_Mstaafu

Mha kasema kweli tupu. Nakazia.

Mama_Michembe

Na sisi wa viazi vitamu? Shida yetu si kugawiana. Marando yote yanakauka kiangazi, mvua ikija kila mtu anamtafuta mwenye bonde, na mwenye bonde anapandisha bei. Unapanda umechelewa, unavuna vidole. Michembe yenyewe, viazi vya kukausha, itatoka wapi?

BwanaShamba_Mstaafu

Hili ni la Tabora hasa, kiangazi chetu kirefu, toka mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja. Kuna njia ambayo wataalamu wa viazi wameieneza Afrika Mashariki, haihitaji bonde. Unapovuna, chagua viazi vya kati visivyo na kidonda wala tundu la mdudu, kutoka mashina yenye majani yasiyojikunja wala kuwa na mabaka ya njano. Viache ndani siku moja mbili vipoe. Chukua beseni au boksi, weka mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, funika na mchanga, tabaka kwa tabaka. Weka ndani ya nyumba penye ubaridi. Kila baada ya wiki chache angalia, kilichooza toa. Ikibaki kama miezi miwili kabla ya mvua, yaani mwezi wa tisa, vihamishie kitaluni karibu na nyumba, mwagilia, vitachipua. Mvua ikianza una marando yako mlangoni.

Kitalu kizungushie miiba, maana mbuzi wa Tabora hawana adabu kiangazi.

Mama_Michembe

Nimenakili kwenye karatasi kabisa. Asante baba.

Nzega_Ndani

Tuongelee kutunza sasa, maana mnagawana vizuri halafu vinabunguliwa kabla ya mvua.

BwanaShamba_Mstaafu

Maadui ni unyevu, joto na wadudu, na unyevu ndio baba yao. Watafiti wa mbegu wana kipimo chao, kwamba unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake unaongezeka karibu maradufu, na joto la mahali ilipo likishuka nyuzi 5 vivyo hivyo. Friji si lazima. Kiangazi chetu kikavu ni mashine tosha ya kukaushia, mradi usianike juu ya bati. Bati la saa saba linaikaanga mbegu. Kivulini, kwenye mkeka au chujio, upepo unapita.

Utajuaje imekauka? Chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu kijiko kimoja, tia mbegu robo ya chupa, funika, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu bado ina maji. Ikidondoka yote chini, sawa. Kwa maharage na kunde weka moja juu ya jiwe uigonge. Ikipondeka bado, ikipasuka vipande tayari.

Kunde na maharage, mdudu anaanzia shambani, anataga kwenye ganda. Ndiyo maana unaweka nzima zikajitoboa zenyewe koponi. Ukishakausha, changanya na jivu laini lililopoa na kuchekechwa, jaza chupa mpaka shingoni, kaza kizibo. Chupa ikijaa mbegu, hewa inakuwa kidogo, wadudu wanakufa kwa kukosa pumzi. Usiifungue fungue kuonyesha wageni! Mafuta ya kula kijiko kidogo cha chai kwa kilo moja, ukisugua kila punje ing'ae, nayo yanasaidia. Njugu mawe na karanga ziacheni na maganda yake mpaka siku ya kupanda.

Vijana hawajui, lakini dumuzi mkubwa, yule anayegeuza gunzi na muhogo mkavu kuwa unga, hakuwa mdudu wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kati. Mahali pa kwanza barani alipogundulika ni huu huu mkoa wetu wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 kuingia 1980. Wazee walimwita Skania. Mahindi ya mbegu tulikuwa tunayaning'iniza na majani yake juu ya jiko, moshi unayatunza. Skania hakujali moshi. Nyumba nilizozijua zilipoteza mahindi yao ya asili msimu mmoja, wakaenda kuomba kwa ndugu wa wilaya nyingine, wenye ndugu wakapata. Wasio na ndugu wakapanda walicholetewa.

MamaBustani_Isevya

Mzee hapo mwisho umenimalizia hoja yangu yote.

Fatuma_Ng'ambo

Kwani hakuna benki ya serikali inayoweka hizi mbegu?

BwanaShamba_Mstaafu

Ipo Arusha, benki ya nasaba za mimea ya taifa, chini ya TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Kuna na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga huko huko Arusha ambacho kina mboga za asili za Kiafrika, mgagani ukiwemo. Ni kazi nzuri na ya lazima. Lakini mbegu iliyo kwenye friji Arusha haijui mvua ya Tabora ya mwaka huu. Iliyopandwa kila msimu hapa inaendelea kujichuja kwa hali ya hapa. Na mwezi wa kumi na moja mvua imenyesha ghafla, nani anapanda basi kwenda Arusha?

Kijana_wa_Cheyo

Wakuu, tukutane wapi kubadilishana? Nane Nane pale Ipuli imeshapita.

MamaBustani_Isevya

Mwakani tutaomba meza hapo Ipuli, wakulima wa Kigoma nao huja, tutamwona na Mha wetu. Kwa sasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyumbani kwetu Isevya, atakayefika anifuate pembeni nimwelekeze. Njoo na mbegu iliyokauka, ndani ya chupa au bahasha, imeandikwa jina, mtaa ilikotoka na mwezi iliyovunwa. Isiyo na maandishi tutaipokea ila itakaa sahani yake. Chotara msilete. Mihogo na migomba kama tulivyosikia, hapana. Asiye na kitu aje hivyo hivyo, ndiyo maana ya kukutana.

PembejeoTbr

Nitakuja na mizani ndogo na bahasha za karatasi, nazitoa bure. Na mke wangu anataka ile bamia ndefu, msiimalize.

Nzega_Ndani

Mayu, mzigo nimempa konda wa basi la asubuhi, jina lako na namba viko juu ya chupa. Humo kuna mgagani uliovunwa mwezi wa tano, vijiko vitatu badala ya kimoja. Niliyochagua ni ya majani mapana shina la kijani. Ule wa shina la zambarau tunao pia lakini mdogo wangu kauchanganya, sikutaka kuwapa kitu nisichokijua.

MamaBustani_Isevya

Umefika salama! Nimegawa tayari, kijiko kimoja kwangu, kimoja Ng'ambo kwa Fatuma, kimoja Cheyo kwa kijana. Kijana wa Cheyo anauliza kama anaweza kuanza kumwagilia wiki hii.

BwanaShamba_Mstaafu

Mwambie aache. Mwezi wa tisa apime mia moja kwenye kitambaa, mwezi wa kumi apime tena mia moja nyingine, aandike namba zote mbili kwenye daftari lenu. Hapo ataona kwa macho yake ikiamka.